Lenzi za Ndoto

Mjukuu wangu Dasom alimsugua nongo mwanamke asiyekuwa bibi yake, na mambo yote yakaanzia hapo.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Hamamu ya wanawake ilikuwa imejaa, maana mji wetu wote wa Sangju, hapa Korea, ulikuwa kwenye kuchuma matunda ya persimoni na kila mtu alikuja na utomvu mikononi na mgongo unaouma. Nilikuwa nimeshamsugua Dasom mpaka akawa mwekundu, ikawa zamu yake kunisugua mimi. Akaenda kuchota maji. Nikangoja weee. Nilipogeuka nikamwona upande wa pili, amepiga magoti nyuma ya Mama Pilsu mwenye kinu cha mchele, kitambaa cha kijani cha kusugulia mkononi, anamsugua kwa nguvu zake zote huku akipiga soga.

"Bibi," nikamsikia akisema, "hivi ni kweli yule bibi wa kinu meno yake yote ni ya kununua? Si ulisema siku akicheka sana yatamdondokea kwenye supu?"

Mama Pilsu wala hakugeuka. "Shuka chini kidogo, mjukuu wangu," akasema. "Hapo hapo. Meno ni ya kununua, ndiyo. Bibi yako alisema nini kingine?"

Hamamu ilipasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, ningefanyaje, ingawa nilitamani lile birika kubwa la kuogea la maji moto linimeze nisionekane tena. Dasom alibaki amesimama kwenye mvuke, amefinya macho, akitafuta kicheko changu kinatoka upande gani. Na mimi na Mama Pilsu hatufanani hata kidogo. Yeye amejaa kotekote, mimi ni mifupa mitupu.

Mchana nikaisimulia habari hiyo mezani. Nilijua kuisimulia, na meno nikayaigiza. Binti yangu Miran, mama yake Dasom, hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Alikuwa mbali kiasi gani na huo mgongo?" akauliza.

"Miran, alikuwa anausugua! Mbali kivipi?"

"Ndicho ninachouliza, Mama."

Hapo nami hamu ya kucheka ikaniisha. Miran alianza kuvaa miwani akiwa mdogo kuliko Dasom, na kila mwaka vioo viliongezeka unene, mpaka macho yake yakaonekana madogo kama mbegu za tikiti nyuma yavyo. Tulidhani ni miwani tu. Nani hana miwani? Halafu akiwa mtu mzima, siku moja akiosha vyombo, akaniambia kuna pazia jeusi linashuka upande wa kushoto. Ngozi nyembamba iliyo ndani kabisa ya jicho ilikuwa imevutika miaka yote hiyo mpaka ikachanika. Walimfanyia upasuaji, lakini jicho lile sasa linajua mchana na usiku, basi. Tangu siku hiyo Miran hakukanyaga hamamu. Miwani huwezi kuvaa kwenye mvuke, na bila miwani hata jicho lililobaki halimwonyeshi mlango. Alikuwa anaoga nyumbani, peke yake, amefunga mlango.

Dasom naye alikuwa na miwani, lakini aliivaa shuleni tu. Akifika nyumbani anaitupa juu ya friji, kwa kuwa inamwachia alama puani. Mimi nilimwacha. Nilimwona anatembea, anakula, anasoma vitabu vyake ameviinamia, nikajua ameridhika.

*

Daktari Ban wa kliniki ya macho ni mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Dasom mbele ya mashine, akapima, akapima tena.

"Jicho lake linarefuka," akatuambia. "Linatakiwa kuwa mviringo, yeye lake linaelekea kuwa yai. Na linakimbia. Umri huu ndio linapokimbia zaidi."

"Kama langu," Miran akasema.

Daktari alitoa kijisahani chenye kitu cha buluu hafifu, kidogo kuliko gamba la samaki. "Hii ni lenzi ngumu. Mtoto anaivaa akienda kulala. Inalikandamiza jicho kwa mbele, taratibu. Asubuhi anaitoa, anaona mchana kutwa bila miwani. Na kwa watoto wengi, jicho linapunguza mbio za kurefuka. Sisemi linasimama. Linapunguza."

"Na inaitwaje hii?" nikauliza.

"Watu wanaiita lenzi ya ndoto."

Sasa mimi, kwenye mambo ya ndoto, usinichezee. Mtaani kwetu mimba nyingi zimeotwa na mimi kabla wenyewe hawajajijua. Dasom mwenyewe nilimwota: nimekaa chini ya mti wetu, persimoni moja kubwa, nyekundu, ikadondoka kwenye sketi yangu, ikiwa na joto kama kitu kilicho hai. Nilimpigia Miran simu asubuhi ile ile nikamwambia ana mimba ya mtoto wa kike, na ilikuwa kweli. Leo mtu anataka kumwingizia mtoto huyo plastiki machoni, akiwa amelala, na jina lenyewe analitaja bila aibu.

"Hapana," nikasema. "Ndoto za mtoto hamzigusi. Mnajua mnaweka nini humo? Mnajua ataona nini?"

"Mama," Miran akanong'ona, "ni jina la biashara tu."

"Biashara ya ndoto! Kesho watauza mto wa kuotea!"

Dasom alishika tama. "Kwa hiyo, Daktari, nikivaa nitaota vizuri? Kwa sababu hata kwenye ndoto watu wangu wana ukungu."

Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kuota kwa macho yake mabovu.

Miran alinigeukia. Ana tabia ya kugeuza kichwa chote, ili jicho lake zima likufikie. "Sitaki aende nilikokwenda mimi, Mama," akasema. "Hilo tu. Nipe sababu nyingine yoyote nitakusikiliza, lakini siyo ndoto."

Nikamwuliza daktari, kwa ukali kidogo ili nisionekane nimeshindwa, jicho linakubalije kukandamizwa. Akasema sehemu ile ya mbele ni laini, inafuata umbo, lakini ukiacha kuvaa inarudi ilivyokuwa.

"Kumbe ni jiwe la mtungi," nikasema. Kila mwenye mtungi wa kimchi, kabichi letu la kuchachusha, analo: unaliweka juu, kabichi linatulia chini ya maji yake, unaliondoa, majani yanaanza kuinuka tena.

Daktari Ban alicheka. "Ndivyo hivyo hasa. Ndiyo maana havai siku moja moja. Anavaa kila siku, kwa miaka. Na usafi, tafadhali. Mikono isafishwe na ikaushwe. Lenzi isiguse tone la maji ya bomba. Jicho likiwa jekundu au likiuma, hamvai, mnakuja kwangu."

*

Lenzi zilipofika, Miran alinawa mikono kama mtu anayeingia chumba cha upasuaji. Tulikuwa tumemaliza chakula cha jioni. Dasom alilala chali kwenye sakafu yetu inayopashwa joto kwa chini, kichwa kwenye mto, macho ameyakodoa. Miran aliiweka lenzi kwenye ncha ya kidole, akakishusha, na kidole kikagusa nyusi. Akajaribu tena, kikagusa pua.

"Mama, hapo ni puani," Dasom akasema.

Jicho moja halijui umbali. Hata chai Miran humimina kwa kugusisha birika na kikombe. Nilijua hilo, yeye alijua, lakini alikuwa amelisahau kwa hamu. Akajaribu mara nyingine, halafu akakaa chini, kidole bado kiko juu na kile kitu cha buluu kimekaa kwenye ncha.

"Nipe mimi," nikasema.

"Wewe hutaki."

"Sijakuambia nataka. Nimesema nipe."

Mikono yangu imemenya persimoni tangu nilipokuwa msichana, na haitetemeki. Nikavaa miwani yangu ya kusomea, nikaichukua lenzi, na kwa mazoea ya jikoni nikaelekea bombani kuisuuza.

"Mama! Siyo maji ya bomba!" Miran alipiga kelele, Dasom akaruka.

"Maji haya nimeyanywa maisha yangu yote!"

"Unayanywa. Huyaweki jichoni ukalala nayo!"

Nikaisuuza kwa dawa yake, nikinung'unika ili ijulikane. Halafu nikapiga magoti, nikamfungua Dasom kope kwa vidole, nikaangalia. Ni mara ngapi mtu anaangalia jicho la mtu mwingine kwa karibu hivyo? Nilimlea mtoto huyu, nilimfuta makamasi, nikamchana nywele, lakini sikuwahi kuliona jicho lake. Lilikuwa na nyuzi za kahawia zilizotoka katikati kwenda pembeni, na ndani yake nikajiona mwenyewe, mdogo sana, nimeinama. Niliogopa. Hata hivyo nikashusha kidole, na lenzi ikaondoka yenyewe kwenye ncha ikakaa mahali pake.

"Inawasha," Dasom akasema, machozi yakimtiririka masikioni. "Bibi, inawasha! Itoe!"

"Funga macho. Angalia chini ukiwa umeyafunga. Ukitulia nitakupa persimoni kavu ile kubwa, ya wateja."

"Mbili."

"Umetoka kwa nani wewe? Haya, mbili."

Nilipokwisha kumvisha na lenzi ya pili, Miran alikaa pembeni amemshika mkono mpaka mtoto akasinzia.

*

Asubuhi nilimtoa lenzi kwa kile kifyonzi kidogo cha mpira, moja, halafu nyingine, nikazirudisha kwenye kikopo chake. Dasom alipepesa macho. Alisimama, akaenda dirishani kwa soksi, akaegemea mikono kwenye fremu. Miran alikuwa nyuma yangu.

Majani ya mti wetu yalikuwa yamekwisha kudondoka. Yalibaki matawi meusi na anga.

"Bibi," Dasom akasema, "umesahau persimoni."

"Zipi?"

"Zile. Kule juu kabisa." Akanyoosha kidole. "Moja, mbili… kuna nyingine nyuma ya tawi. Umezisahau."

Nikakaa pale pale kwenye tandiko lake. Kileleni mwa mti, kule ambako ngazi inafika lakini mkono unaachia, zilikuwepo persimoni chache. Hatukuzisahau. Kila nyumba hapa inaacha chache juu kwa ajili ya kkachi, wale ndege weusi wenye vifua vyeupe, wasije wakakosa chakula theluji ikianguka. Hakuna anayemfundisha mtu jambo hilo. Mtoto anakua akiziona.

"Ni za kkachi," nikamwambia. "Tumewaachia wale."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Tangu mama yako hajazaliwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani humwambia mtu kitu kinachoning'inia juu ya kichwa chake?" nikasema.

Mtoto huyu amekula persimoni za mti ule kila mwaka wa maisha yake. Amecheza chini yake. Kwake mti ulikuwa unaishia kwenye moshi. Na sasa kipande cha plastiki kidogo kuliko gamba la samaki, na usingizi, vimemfungulia kilele cha mti. Mimi nimeishi nikaona mengi, nimeona barabara kuu ikipita palipokuwa na shamba la baba yangu, nimeona simu zikiingia mfukoni, na hakuna hata kimoja kilichonifanya nitamani kuinama mpaka chini kwa shukrani. Asubuhi ile nilitamani, ila sikujua nimwinamie nani.

Ndege mmoja akaja akatua. Dasom akacheka kwa sauti.

"Ana mkia wa kijani, Mama! Siyo mweusi, una kijani!"

Miran alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaja dirishani kuutazama mkia huo.

Sidai kila kitu kilikaa sawa siku ile. Kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara bado kilikuwa na ukungu, na kabla giza halijaingia persimoni nazo zilianza kuyeyuka machoni pake. Ilichukua siku kadhaa mpaka akaona vizuri mchana kutwa. Halafu, theluji ya kwanza ilipoanguka, akaamka na jicho moja jekundu. Daktari Ban akasema ni mkwaruzo mdogo, aache lenzi zote mbili mpaka lipone.

Zile ndizo siku nilizojua nimegeuka. Dasom alisimama dirishani akasema, "Bibi, zimeondoka. Zimerudi kuwa moshi," akalia, na mimi nikampigia daktari simu asubuhi na jioni kama mtu anayedaiwa majibu. Jicho lilipona. Kuanzia hapo nilikuwa askari. Yeyote aliyesogelea lenzi bila kukausha mikono nilimfukuza jikoni, hata Miran. Mama Pilsu alikuja kunitembelea akanikuta nasugua kikopo cha lenzi kwa dawa, akasema, "Mama Miran, si wewe uliyesema wanaiba ndoto za watoto?"

"Kunywa chai yako," nikamwambia, "na uangalie meno yasidondokee humo."

Lakini moyoni sote tulikuwa tunangojea jambo moja. Kuona mchana ni raha, ila jicho linaweza kuona vizuri na bado likarefuka kimyakimya. Hilo lingejulikana kwa kupimwa urefu wake tu, na daktari alitaka majira yapite kwanza. Miran hakulizungumza. Aligeuza kichwa chote kumtazama mtoto, siku nzima, mpaka Dasom akamwuliza kama ana kitu usoni.

*

Miti ilipoanza kuchipua tulienda kliniki. Daktari Ban alipima jicho la kulia, la kushoto, akarudia. Miran alikuwa ameshika mkoba wake kifuani.

"Limesogea kidogo sana," daktari akasema. "Mwaka jana, kwa muda kama huu, lilikuwa limekimbia mara nyingi zaidi ya hapa. Safari bado ndefu, Mama Dasom. Tutaendelea kupima. Lakini limetusikia."

"Sema tena," Miran akasema.

Daktari akasema tena, neno kwa neno. Miran akamwomba mara ya tatu, na daktari yule, Mungu ambariki, akarudia bila kuchoka.

Nje, kwenye ngazi za kliniki, Miran akamwuliza Dasom anataka zawadi gani. Nilidhani atataja kuku wa kukaanga.

"Twende hamamu," Dasom akasema. "Sote watatu."

"Nenda na Bibi."

"Na Bibi naenda kila wiki. Nataka na wewe."

"Dasom, mimi kule sioni kitu."

"Mimi naona," mtoto akasema.

Jumapili tukaenda. Dasom akatangulia kuingia, mimi nikafuata, kwa sababu Miran alitaka tumwache avue nguo peke yake. Mvuke ulikuwa mzito. Tulikwenda mpaka mwisho, karibu na birika la maji moto, tukapata viti vyetu vya plastiki. Nilikuwa natafuta sabuni mlango ulipofunguka.

Binti yangu alisimama kizingitini bila miwani. Mkono mmoja ulikuwa ukutani, mwingine akijifunika nao. Aligeuza kichwa chote kulia, akakigeuza kushoto, akitutafuta, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotea sokoni. Wanawake walipita pembeni yake. Nikainuka.

"Mama!" Dasom alikuwa ameshasimama, mkono juu, kutoka mwisho kabisa wa hamamu. "Usisogee, hapo mbele yako kuna sabuni chini! Nakuona! Baki hapo hapo, nakuja!"

Akaja. Alikwepa ndoo, akakwepa mtoto aliyekaa sakafuni, akakwepa sabuni, akamshika mama yake mkono. Walirudi polepole, mdogo mbele, mkubwa nyuma, na sauti ya Dasom ikimwelekeza: inua mguu, hapa kuna maji, huyu ni bibi wa kinu msalimie.

"Safari hii hakikisha ni mgongo wenyewe," Mama Pilsu akasema.

"Nimehakikisha, Bibi. Na wewe nakuona, hata meno."

Mama Pilsu alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa kiganja.

Dasom alimkalisha mama yake, akavaa kitambaa cha kijani mkononi, akaanza kumsugua mgongo. Miran alikuwa ameinama. Mabega yalimtetemeka, na mtoto akamwuliza kama anamuumiza; Miran akatikisa kichwa.

"Niambie kuna nani humu," Miran akasema. "Niambie vyote."

Basi Dasom akamwambia, huku akisugua. Kwamba dari ina matone yaliyojipanga kwenye nyufa. Kwamba kule kwenye maji ya baridi kuna msichana ana nywele zimefika kiunoni. Kwamba saa ya ukutani imesimama. Kwamba begani mwako, Mama, una doa dogo la kahawia, umelijua hilo? Miran akasema hakulijua. Mimi nililijua, nililiona siku alipozaliwa.

"Na Bibi yuko wapi?"

"Hapa nyuma yangu. Analia."

Nilikuwa nalia kweli, na sikuona sababu ya kubisha. Nikamgeuzia Dasom mgongo wangu, nikamwambia akimaliza hapo asinisahau.